Nina miaka 19, nataka bunduki yangu ya kwanza ya mtumba wa jeshi. Kati ya hizi tatu nichukue ipi?

Mjukuu_wa_Keya

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Nina miaka 19, niko Marekani tangu mdogo, bado natumia grinikadi. Baba yake babu yangu alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku kwetu Afrika Mashariki), akapelekwa Burma 1944, akarudi na mguu mbovu na stori za bunduki yake. Mwenyewe sikumkuta ila babu kanisimulia mara mia, na kila akifika kwenye bunduki ananyanyua mkono anavuta bolti ya hewani (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoingiza risasi na kufunga chemba), klak klak, hlf anacheka peke yake. Nimekua na hiyo klak klak kichwani. Kwahiyo sitaki bunduki ya kisasa, nataka Lee-Enfield, ile ya jeshi la Mwingereza, nataka kitu kilichowahi kubebwa na mtu.

Nimehangaika miezi minne nimepata tatu na hapo ndo nimekwama. Ya kwanza ni Lee-Enfield No.4 Mk I* iliyotengenezwa na Savage hapahapa Marekani, ubavuni imeandikwa U.S. PROPERTY, iko dukani, muuzaji anasema namba zote zinafanana. Ya pili ni SMLE (Lee-Enfield ya toleo la zamani zaidi) ya kiwanda cha Lithgow cha Australia ya 1942, hii ni rahisi kuliko zote lakini mbao ya mbele imekatwa, kuna mtu aliigeuza ya kuwindia. Ya tatu sio Lee-Enfield, ni Mosin 91/30 ya Mrusi, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, nimeiweka tu kwenye hesabu kwa sababu kila mtu anasema ukianza anza na Mosin.

Sasa mtoto wa mjomba wangu, yeye ana miaka 34 na yuko jimbo lingine, ana ile leseni ya wakusanyaji. Kasema nimtumie hela yeye anunue kwa leseni yake, aletewe mlangoni, hlf tukikutana krismasi anikabidhi, nikwepe usumbufu wa dukani. Naona kama njia rahisi ila roho inasita. Na kuna mtu kaniambia niachane na maduka ninunue M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, kupitia CMP, lile shirika linalowauzia raia bunduki za zamani za jeshi, hiyo nayo ikoje?

Sijawahi kununua hata manati. Nisaidieni nisije nikalia.

MzeeKutu

Marahaba mwanangu. Roho yako inasita kwa sababu ina akili. Hilo la mtoto wa mjomba liache leo hii hii na usimtumie hata senti.

Nieleze vizuri maana watu wengi wanaingia hapa bila kujua. Ukienda dukani unajaza fomu 4473, na kuna swali pale linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Mtu akinunua kwa hela yako kwa ajili yako hlf akajibu ndiyo, kadanganya serikali kuu na hiyo ni jinai. Na usije ukasema "lakini mimi naruhusiwa kumiliki kwahiyo hamna shida", kesi ya Abramski ya 2014 ilikuwa hivyohivyo, mpwa kamnunulia mjomba wake kwa hela za mjomba, mjomba hana doa lolote, tena waliikabidhi kupitia duka lenye leseni, na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi bado ikasema ni kosa. Hiyo leseni ya ndugu yako nayo, ile aina ya 03, ni ya kukuza mkusanyiko wake mwenyewe, sio ya kuwanunulia watu. Na mkiwa majimbo mawili tofauti hata kukukabidhi mkononi hiyo krismasi kuna masharti yake, njia salama ni ipite kwa dila mwenye leseni wa jimbo lako. Kwahiyo usumbufu mnaoukwepa mngekutana nao palepale, safari hii mkiwa na kosa mkononi. Akitaka kukupa zawadi ya kweli kwa hela zake hiyo ni habari nyingine, na bado ipite kwa dila.

Sasa upande wako. Kwa sheria kuu, kuanzia miaka 18 unanunua bunduki ndefu kwa dila, bastola ndo 21. Leseni ya wakusanyaji nayo ni 21, dola 30 kwa miaka mitatu, unatunza daftari la kila kinachoingia na kutoka, na inahusu silaha zilizofikisha miaka 50 zikiwa katika hali yake ya asili, au zile zilizotajwa kwenye orodha yao. Una miaka miwili ya kuisubiri, haina neno. Grinikadi haikuzuii dukani, utaandika namba yako ya uhamiaji kwenye fomu basi. Ila kwa kuwa hujafika 21, tangu sheria ya 2022 ukaguzi wa rekodi unaenda mbali zaidi na unaweza kuvutwa mpaka siku 10 za kazi. Ukiambiwa subiri usione kama umeonewa, nenda kanywe maji.

Halafu soma sheria ya jimbo lako kabla ya kutoka nyumbani. Florida walipandisha mpaka 21 hata kwa bunduki ndefu mwaka 2018, Illinois wana kadi yao ya kumiliki silaha, FOID, na majimbo mengine yana ya kwao. Hapa mimi sikusaidii maana hujasema uko wapi, na usiseme.

CMP ni watu wazuri ila wanataka uraia. Grinikadi hawaipokei. Ukishakula kiapo rudi kwenye Garand.

BintiMauser

Mzee kamaliza ya serikali, mimi nije kwenye chuma.

Dogo, Mosin itoe. Sio mbaya, nina tatu mimi mwenyewe, ila hiyo kung'aa kunakokuvutia ndo kasoro yake. Warusi baada ya vita walikusanya mabunduki yao wakayafungua yote, wakachanganya vyuma, wakayaunganisha upya, wakapaka mbao ile rangi nyekundu inayong'aa kama kochi la harusi, wakazika kwenye grisi. Namba za bolti, kitako na kifuniko cha magazini wakazichonga upya zifanane na za mtutu. Kwahiyo "namba zinafanana" kwa Mosin ya hivyo ina maana karani wa ghala alikuwa makini, haina maana bunduki ilikaa na vyuma vyake. Watu walishauri Mosin kwa anayeanza kwa sababu miaka ya 2010 mwanzoni zilikuwa chini ya dola 100, ukiharibu huumii. Enzi hizo zimepita, ushauri umebaki unazurura wenyewe. Na wewe roho yako iko kwa Lee-Enfield, utanunua Mosin hlf kila ukiivuta bolti yake nzito unakumbuka klak klak ya babu, si mateso hayo.

Lithgow iliyokatwa. Hapa watu watakwambia "nunua tu utairudishia mbao". Inawezekana, kama mtutu haujafupishwa (inchi 25 na ushee, pima kwa kusukuma fimbo ya kusafishia mpaka iguse uso wa bolti iliyofungwa, ukishahakikisha kwa macho na kidole kwamba chemba haina kitu) na kama hakuna aliyetoboa matundu ya darubini juu. Ila mbao ya mbele ya SMLE sio kofia ya kuvalisha. Inabidi ikae na kukandamiza sehemu zake sawasawa pale nyuma karibu na kifyatulio, isipokaa vizuri kila risasi inaipiga mbao mpaka inapasuka, na hizo za Lithgow za wakati wa vita walitumia mbao laini mpaka wakaweka vibati vya shaba pale zinapogongwa. Kazi ya fundi hiyo, sio ya bunduki ya kwanza. Rahisi itakuwa ghali.

Imebaki Savage. Nenda nayo taratibu. Kwanza namba. Savage ina herufi C katikati ya namba, hiyo ni ya Chicopee Falls kiwandani kwao. Tafuta namba kwenye mwili wa bunduki, hlf geuza mkono wa bolti uangalie nyuma yake. Vifaa vidogo vingi vitakuwa na herufi S yenye kona kona. Pili, na hili kwa Mk I* ni LAZIMA: ukivuta bolti nyuma, kulia kwenye reli kuna kipengele kimekatwa ambacho kichwa cha bolti kinatokea ukitaka kuitoa. Walifanya hivyo wapunguze kazi wakati wa vita. Kingo za pale zinamegeka. Chukua tochi, angalia, pitisha ukucha. Ikiwa imemeguka utakuwa unavuta bolti na kichwa kinaruka kutoka kwenye reli, na dawa yake hamna ya maana.

Tatu mtutu. Mwombe muuzaji atoe bolti, weka karatasi nyeupe upande wa chemba, tazama kutoka mdomoni. Kutu la vidoto vidoto sio mwisho wa dunia kwa bunduki ya miaka 80, ila ukiona pete nyeusi imezunguka mahali pamoja, hapo mtutu umevimba, mtu alipiga risasi kuna kitu kimeziba ndani. Weka chini ondoka.

7.62_Milele

Dada umewatukana Mosin mchana kweupe 😂 mimi yangu naipiga tangu 2012, nishaiangusha, nishaipanda juu nikafunga kamba ya hema, inakula kila kitu. Dogo nunua Mosin utanishukuru. Ukipata ya Wafini yenye SA kwenye kiboksi ndo kabisa, wale waliweka mitutu yao wenyewe.

Na akina nyie wa mambo ya umri, mwili wa bunduki uliotengenezwa 1898 kurudi nyuma kwa sheria kuu hauhesabiwi hata silaha, ni kitu cha kale. Kuna Mosin za Wafini za hivyo kibao.

BintiMauser

Hajasema nitukane, kasema tumsaidie achague. Na za 1898 ni kweli kwa sheria kuu, ila majimbo mengine hayana habari na hiyo 1898, na bei yake siku hizi ni ya kuuzia mbuzi wote. Kulifunga hema na bunduki nimeshindwa kutoa maoni.

fundi_wa_karakana

Naongezea kitu kimoja ambacho naona hakijaguswa nacho ndo cha kukutoa jicho, hedispesi. Kwa lugha ya kawaida ni ule uwazi unaobaki kati ya uso wa bolti na mahali ambapo risasi inakaa chemba ikiwa imefungwa. Risasi ya .303, hiyo ya Lee-Enfield, ina ukingo matakoni na ndo unaoishikilia, sasa uwazi ukiwa mkubwa ganda linanyooka likipigwa, ukipiga mara moja halionyeshi kitu, ukilijaza tena mara mbili tatu linakatika kwa nyuma na moshi wa moto unarudi kwako. Ukiokota maganda ya bunduki ya mtu ukaona mstari mweupe unang'aa umezunguka juu kidogo ya matako, hiyo ndo dalili.

No.4 walilifikiria hili, kichwa cha bolti kinafunguka kwa skrubu na kina saizi nne, 0, 1, 2 na 3, namba imechongwa juu yake. Bolti ikilegea na umri unafungua unaweka kikubwa zaidi. Sasa ukikuta bunduki tayari ina namba 3 ujue imeshapanda ngazi zote, ikizidi hapo hamna kingine cha kuweka. SMLE ya zamani haina saizi hizo, kwa hiyo kule unategemea bahati na fundi mvumilivu.

Pima kwa geji ya .303. Duka zuri watakuwa nayo au watakuruhusu upeleke kwa fundi kabla hujalipa yote. Usipime kwa risasi yenyewe na selotepu kama vijana wa video wanavyofanya.

Alama mbili za kuogopa. DP ni ya kufundishia gwaride, hiyo usiipige HATA kama muuzaji anaapa mama yake. EY ni zile walizozitoa kwenye matumizi ya kawaida, nyingi zilirushia mabomu, waya umefungwa mbele. Ukiona FTR hiyo nzuri, ilirudi kiwandani ikatengenezwa upya.

Mjukuu_wa_Keya

Wakuu nimerudi dukani jana na tochi na karatasi kama mlivyosema, muuzaji mzee mmoja alinitazama kama nimekuja kukagua nyumba. Nimeshatoa jibu kwa mtoto wa mjomba, kanuna kidogo ila kaelewa, kumbe na yeye alikuwa hajui hiyo kesi.

Sasa matokeo. Mwilini ina namba yenye C. Nyuma ya bolti namba ni nyingine kabisa, wala haikaribii. Nikamwonyesha akasema aah alimaanisha mbao na magazini. Reli pale kwenye kipengele ni nzima, kingo kali, ukucha unanasa. Kichwa cha bolti namba 1. Hakuna DP wala EY.

Ila mtutu ndo umenikata maini. Nimetazama ndani naona mifereji miwili tu (ile iliyochongwa kuzungusha risasi)! Miwili! Nimesoma kwamba Lee-Enfield ina mitano, nikajua imelika mpaka mingine imefutika. Ndani kunang'aa lakini. Nimeondoka bila kununua. Nimekosa au nimeokoka?

BintiMauser

Hahaha hujaokoka, umeikimbia bunduki nzuri. Mifereji miwili ndivyo ilivyotoka kiwandani! Wakati wa vita Savage na Long Branch ya Canada walikuwa wanakata mitutu ya mifereji miwili kwa kuwa inakatwa haraka kuliko mitano, wakapima wakaona inalenga vizuri tu. Mifereji ikilika haipotei mitatu ikabaki miwili mizima, inazimika yote pamoja, unaona ndani kama bomba. Ikiwa miwili yako ina kona kali na kunang'aa, rudi mbio.

Ufanye jaribio moja la mdomo. Mwombe risasi ya mfano, ile isiyo na baruti wala fataki (kile kidude cha matakoni cha kuwashia baruti), chomeka ncha kwenye mdomo wa mtutu. Ikiacha shingo ya ncha, ile sehemu iliyo juu ya ganda, inaonekana kidogo hapo mdomoni, mdomo haujalika sana. Ikimezwa yote mpaka ganda likagonga chuma, askari wengi walisugua fimbo na kamba pale miaka mingi. Ni kipimo cha kienyeji ila kinasema ukweli mara nyingi.

MzeeKutu

Bolti ya namba tofauti maana yake nini kwako, hilo ndo ujibu kabla ya kurudi. Kwa mkusanyaji ni doa, na bei ishuke, asikuuzie kwa bei ya "zote zinafanana" aliyoitangaza. Kwa mpigaji sio doa ikiwa fundi ataipima na kukuta meno mawili ya bolti yote yanakamata. Wewe unataka kitu cha kushika na kukumbuka, mimi ningeichukua, ila ningemwambia muuzaji kwa adabu kwamba namba hazifanani na nimeshaona, halafu ningenyamaza. Kunyamaza dukani ni kipaji.

kale_na_moshi

Naingilia kidogo na historia kwa sababu jina la mleta mada limenigusa. Keya ilianzishwa 1902, na huko kwetu hizi bunduki mbili, Lee-Enfield na Mauser, zilikutana uso kwa uso 1914. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba askari wengi wa Mjerumani vita vilipoanza hawakuwa na ile Mauser ya kisasa, walikuwa na modeli ya 71 ya baruti nyeusi, risasi nene, ukipiga moja wingu la moshi mweupe linasimama hapo ulipolala, adui hana haja ya kukutafuta anapiga kwenye wingu. Ndo maana baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 bunduki walizoziacha Waingereza ufukweni zilikuwa mali kuliko dhahabu, mamia ya bunduki na risasi laki sita. Askari wa Mjerumani wakaanza kupigana na chuma cha Mwingereza.

Kwahiyo ukisema unataka Lee-Enfield kwa ajili ya wazee ujue wazee wa pande zote waliishika. Haihusiani na mfereji wa mtutu wako ila sikuweza kunyamaza.

Kutu_sitaki_tena

Mimi nitasema la baada ya kununua kwa sababu hapo ndo niliharibu. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa No.4, nikiwa na miaka 20. Makosa mawili, na yote niliyafanya wikiendi moja.

Jumamosi nikaona mbao chafu, nyeusi, ina mikwaruzo, nikachukua msasa. Nikapiga msasa mpaka ikawa njano kama meza ya jikoni, nikapaka vanishi. Nikapiga picha nikamtumia mkusanyaji mmoja mzee, akanijibu neno moja tu, "kwanini". Kumbe ule uchafu chini yake kulikuwa na mihuri ya wakaguzi na kajina mtu alikachonga na kisu karibu na kitako. Nilikuwa nimekaona nikadhani ni mkwaruzo. Herufi tatu. Sikumbuki hata zilikuwa zipi. Mbao chafu unaifuta kwa kitambaa na mafuta ya kitani, unapaka kidogo kwa kiganja, unasugua mpaka kiganja kinapata moto, unaacha siku nzima, unarudia. Basi. Msasa weka mbali.

Jumapili nikaenda kwenye shabaha na risasi za zamani za jeshi, za bei poa. Nikapiga arobaini, nikarudi nikapaka mafuta mtutu vizuri sana nikaiweka. Baada ya wiki moja nimefungua, ndani ni rangi ya chai. Shida ya zile risasi ni fataki, chumvi inabaki ndani ya mtutu na inavuta unyevu wa hewa, na mafuta HAYAYEYUSHI chumvi, unaifunika tu iendelee kula huko chini kwa raha zake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Waingereza wenyewe walikuwa na faneli ya kumimina maji ya moto. Mimi siku hizi nafanya hivyohivyo, natoa bolti, naingiza faneli yenye mpira chemba, maji yanayochemka, yanatoka mdomoni ya kijivu kama ya kuoshea sufuria ya masizi, namimina mpaka yatoke meupe. Mtutu unakuwa wa moto unajikausha wenyewe, hapo ndo napitisha kitambaa kikavu na mafuta. Uso wa bolti na kichwa chake pia, usisahau. Maji yasiingie kwenye mbao.

Risasi mpya za dukani hazina shida hiyo. Lakini usiamini boksi, ukiwa na wasiwasi mimina maji, hayajawahi kuharibu mtutu uliokaushwa.

Na risasi za zamani zina tabia nyingine, unafyatua, klik, kimya. Usifungue bolti. Bunduki ibaki imeelekea kwenye shabaha, hesabu mpaka 60. Nimeshaona moja ikilia baadaye wakati jamaa tayari mkono uko kwenye bolti.

fundi_wa_karakana

Hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Na ukijaza magazini na klipu, hakikisha ukingo wa risasi ya juu uko MBELE ya ukingo wa iliyo chini yake, ukiwa nyuma zinanasana na bunduki inagoma katikati. Klipu mbili za tano tano, magazini ni ya kumi.

Kutunza: usiiache ndani ya begi la sponji, sponji inakaa na unyevu. Kabati la chuma lenye kufuli, bolti weka mahali pengine, na hasa kama nyumbani kuna watoto.

7.62_Milele

Mosin hainasanagi 🙄

fundi_wa_karakana

Mosin ina kile kibati cha kuzuia ndani, kiguse kwa kidole uone kama bado kina makali hlf urudi utuambie.

Mjukuu_wa_Keya

Wakuu nimenunua.

Nilirudi Alhamisi, nikaomba risasi ya mfano, ncha ikaingia ikasimama, shingo inaonekana vizuri tu. Nikamwambia yule mzee namba ya bolti haifanani na mwili na nimeshaona, hlf nikanyamaza kama mlivyosema. Nikanyamaza mpaka nikaanza kuona aibu mwenyewe. Akapunguza, sio sana, ila akakubali iende kwa fundi kwanza kwa hela ya kwake. Geji imepita, meno yote ya bolti yanakamata. Nikajaza fomu, namba ya uhamiaji ikaandikwa, nikaambiwa subiri. Siku sita. Leo nimeichukua.

Mbao sijaigusa, Kutu_sitaki_tena nakuahidi. Nimeifuta vumbi tu. Chini ya kitako karibu na bati la nyuma kuna alama tatu zimechongwa na kitu chenye ncha, mistari mitatu sambamba, hamna herufi. Sijui ni mtu alihesabu nini.

Nikampigia babu kwa video. Nimehakikisha tupu mara tatu, magazini nimeitoa, nikaelekeza ukutani nikavuta bolti. Babu akasema hapana, hivyo unavuta kama unafungua mlango wa choo, kidole gumba na cha shahada ndo vinashika bolti, cha kati ndo kinabaki kwenye kifyatulio, mkono hauondoki. Nikajaribu tena. Akasema tena. Dakika ishirini tumefanya hivyo, simu yake ikaisha chaji.

Swali la mwisho: saiti ya nyuma ni ile ya kupindua yenye matundu mawili tu, 300 na 600. Uwanja nilioupata ni wa yadi 100, sasa nalenga chini kiasi gani?

BintiMauser

Tumia tundu la 300, piga tano bila kulenga chini popote, angalia zimekaa juu kiasi gani, hlf ndo uje tuzungumze. Na leta picha ya hiyo mistari.